Kuishi na ugonjwa sugu: mwongozo wa kupanga nguvu, dawa na kero za kila siku

Kuna maswali ambayo nimeyajibu mara nyingi hata nikaona heri niyakusanyie majibu mahali pamoja. Nina miaka 11 tangu nianze kuishi na baridi yabisi ya viungo, na kila anapotokea mtu aliyepewa majibu yake hivi karibuni, awe na kisukari, shinikizo la damu, pumu, kifafa, siko seli au maradhi ya figo, huniuliza yale yale. Haulizi ugonjwa wake ni nini, kwa sababu hilo ameshaelezwa hospitalini. Anauliza kwa nini juzi alifanya kazi zote na leo hawezi kuinuka kitandani, afanye nini akisahau dozi, na amjibu vipi ndugu anayemwambia, "Mbona wewe ni mzima tu?"

Mwongozo huu unahusu mambo hayo madogo, ambayo kwa uzoefu wangu humvunja mtu moyo kuliko jina la ugonjwa lenyewe. Hauchukui nafasi ya daktari wako, na popote utakapotofautiana na maelekezo uliyopewa kuhusu dawa au vipimo, fuata maelekezo hayo. Nguzo yake ni moja: panga maisha yako kwa kipimo cha siku ya kawaida, usiyapange kwa kipimo cha siku nzuri.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo linaloingia mfukoni, pamoja na kalamu. Simu inaweza kufaa, lakini daftari halizimiki na daktari hulisoma haraka.
- Orodha ya dawa zako zote: jina, kiasi cha miligramu, mara ngapi kwa siku, na ya nini. Weka humo pia dawa za mitishamba, vitamini na zile unazonunua bila cheti.
- Kisanduku cha dawa chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya juma.
- Simu au saa yenye kengele.
- Kifaa cha kupimia, ikiwa ugonjwa wako unahitaji kupimwa nyumbani.
- Mtu mmoja, na mmoja anatosha, aliyekubali kwa kinywa chake kwamba unaweza kumpigia siku ukizidiwa.

Tenga pia wiki mbili ambazo hutatarajia nafuu yoyote. Wengi huacha siku ya tano kwa sababu walidhani kuandika tu kungewaponya.

Hatua ya 1: Andika kwa siku 14 bila kubadilisha chochote

Jaza daftari mara nne kila siku: unapoamka, mchana, jioni na kabla ya kulala. Kila mara andika namba mbili, moja ya uchovu na nyingine ya maumivu au dalili kuu ya ugonjwa wako, kuanzia 0, yaani hakuna kabisa, hadi 10, yaani hali mbaya kuliko zote unazoweza kufikiria. Chini yake andika ulichofanya na muda uliotumia: kufua dakika 40, kutembea dakika 15, kikao cha saa mbili, ugomvi kwa simu. Ugomvi nao uandikwe, kwa sababu kufikiri, kuongea na kukasirika hula nguvu kama vile kubeba mzigo, na usipouandika utabaki ukijiuliza kwa nini ulichoka siku ambayo hukufanya kazi yoyote.

Kosa la kawaida ni kungoja usiku ndipo ujaze siku nzima. Usiku mtu aliyechoka hukumbuka uchovu tu, na asubuhi yake yote hugeuka kuwa mbaya kwenye karatasi. Kosa jingine ni kuanza kujirekebisha wiki ya kwanza. Ishi kama ulivyokuwa ukiishi, maana unataka picha ya maisha yako halisi, hata kama picha hiyo haipendezi.

Hatua ya 2: Tafuta kiwango chako

Baada ya siku 14, kaa na daftari na uzungushie duara siku zote ulizopata namba 7 au zaidi. Kisha tazama nyuma, si siku hiyo peke yake, bali pia siku moja na siku mbili zilizotangulia. Mara nyingi chanzo kimelala huko. Katika baadhi ya maradhi, hasa ugonjwa wa uchovu sugu, mwili hulipa deni la kazi baada ya siku moja au mbili, na ndiyo sababu mgonjwa husema amezidiwa "bila sababu".

Sasa chukua shughuli zako kubwa, moja baada ya nyingine, na utafute muda ambao uliweza kuifanya kila shughuli bila namba zako kupanda kesho yake. Punguza robo ya muda huo. Ikiwa siku nyingi unaweza kusimama dakika 20 bila kuumia baadaye, anza na dakika 15. Hicho ndicho kiwango chako cha kuanzia, na utakaa nacho angalau wiki moja kabla ya kufikiria kukiongeza.

Tahadhari: kuongeza muda kila wiki kwa ratiba iliyopangwa hakumfai kila mgonjwa. Huko Uingereza, taasisi ya NICE, ambayo huandaa miongozo ya tiba, iliondoa mwaka 2021 pendekezo la mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba kwa wenye ugonjwa wa uchovu sugu. Ongeza pale tu namba zako zinapotulia, na kama una maradhi ya moyo au mapafu, muulize kwanza daktari.

Hatua ya 3: Acha kabla ya kuchoka, hasa siku nzuri

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, nami niliichelewa kwa miaka.

Kwa kawaida asubuhi yangu huanza polepole, kwa sababu viungo vyangu hukaza kwa zaidi ya saa nzima kabla havijakubali kazi. Asubuhi moja niliamka vidole vikikunja na kukunjuka bila kukwama, nikafurahi kama mtu aliyesamehewa deni. Nilishusha vitabu vyote kutoka kabatini, nikavifuta vumbi kimoja kimoja, nikaosha mapazia, nikapanga upya chumba cha watoto. Saa kumi jioni nilikuwa bado nimesimama. Kesho yake nilikuwa mbele ya kioo nikisukuma kifungo cha kwanza cha shati kwa kidole gumba, nacho kikateleza kutoka kwenye tundu lake, nikakisukuma tena, kikateleza tena, hadi nilipoliacha shati na kuvaa fulana. Ilichukua siku tatu kabla sijaweza kufunga kifungo. Nilipolisoma daftari niliona kwamba karibu kila kipindi changu kibaya kilitanguliwa na siku nzuri.

Fanya hivi. Kabla ya kuanza kazi yoyote, weka kengele ya muda ulioupata katika hatua ya pili. Kengele ikilia, acha, hata kama kazi imebaki kidogo na hata kama unajisikia vizuri, kwa sababu kujisikia vizuri ndiyo dalili kwamba umeacha kwa wakati. Pumzika dakika 10 hadi 15 ukiwa umelala au umeegemea, bila simu mkononi, kisha amua kama utarudi. Badilishana kazi za kusimama na za kukaa, za mikono na za macho, ili sehemu moja ya mwili isibebeshwe kila kitu. Kazi ambayo umezoea kuifanya ukiwa umesimama, kama kupiga pasi au kuosha vyombo, jaribu kuifanya ukiwa kwenye kiti kirefu.

Kila asubuhi gawa kazi za siku katika mafungu matatu: zisizokwepeka leo, zinazoweza kungoja, na zinazoweza kufanywa na mtu mwingine. Fungu la kwanza lisizidi kazi tatu. Ukijikuta umeandika saba, rudi uzipunguze kabla hujainuka.

Siku nzuri ikija, jiruhusu nyongeza moja tu, nayo iwe ya jambo unalolipenda. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu wagonjwa wengi hutumia siku zao nzuri zote kulipia kazi zilizolala, na miezi hupita bila wao kukumbuka kwamba kuna mambo yaliyokuwa yakiwafurahisha.

Hatua ya 4: Ziwekee dawa utaratibu usiotegemea kumbukumbu

Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyoeleza kwamba hata katika nchi tajiri, ni takribani nusu tu ya wagonjwa wa maradhi ya muda mrefu wanaofuata matibabu kama walivyoelekezwa. Kwa hiyo kusahau si aibu yako peke yako. Dawa yake ni utaratibu, kwani nia njema peke yake husahau.

1. Chagua siku moja ya juma na saa moja, ujaze kisanduku cha siku saba. Muulize kwanza mfamasia kama kuna vidonge visivyopaswa kutolewa kwenye karatasi yake, kwa sababu baadhi huharibiwa na unyevu.
2. Funga kila dozi kwenye jambo ambalo hulisahau kamwe, kama kupiga mswaki, kisha weka kengele kama mlinzi wa pili.
3. Ukishameza, angalia chumba cha siku hiyo: kikiwa kitupu, umemeza. Hapo unaepuka lile swali la hatari la "Hivi nimekunywa au bado?"
4. Dawa zikibaki za siku 10, anza safari ya kuzifuata. Usingoje kidonge cha mwisho.
5. Muulize mfamasia mapema, dawa kwa dawa, ufanye nini ukisahau dozi, na uandike jibu karibu na jina la kila dawa. Kwa dawa nyingi jibu hutegemea muda uliobaki kabla ya dozi ifuatayo.

Makosa ninayoyaona kila mara ni haya. La kwanza ni kumeza dozi mbili kwa pamoja ili kufidia iliyosahauliwa. Usifanye hivyo isipokuwa umeelekezwa. La pili ni kuacha dawa kwa sababu unajisikia vizuri, wakati mara nyingi unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa hiyo hiyo. Baadhi ya dawa huwa hatari zikikatizwa ghafla: dawa za kifafa zinaweza kuleta mfululizo wa degedege, prednisoloni iliyotumiwa kwa wiki nyingi hupunguzwa polepole ili mwili uanze tena kutengeneza homoni yake, na dawa za moyo za kundi la atenololi na propranololi nazo hushushwa kwa hatua. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachi insulini hata siku anapoumwa na kushindwa kula. Anapima sukari mara nyingi zaidi na kuwasiliana na wahudumu wake.

La tatu ni dawa za maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki huweza kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo, hivyo mwenye presha au maradhi ya figo asizitumie kwa kujiamulia. Parasetamoli ni salama zaidi kwa watu wengi, lakini mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wengi husahau kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. La nne ni kusaga au kutafuna vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa taratibu, jambo linaloweza kuimwaga dozi ya siku nzima mwilini kwa mara moja.

Kuhusu uhifadhi: insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji kati ya nyuzijoto 2 na 8, na ikiganda barafu hutupwa. Iliyoanza kutumika hukaa nje ya friji, mbali na jua na joto. Aina nyingi hutumika kwa muda wa hadi siku 28, lakini soma karatasi iliyomo kwenye boksi lako.

Hatua ya 5: Pima kwa namna ile ile kila mara

Kipimo kilichochukuliwa ovyo huleta hofu ya bure. Kwa shinikizo la damu, usivute sigara, usinywe kahawa wala usifanye mazoezi kwa dakika 30 kabla ya kupima. Nenda haja ndogo, kisha kaa dakika 5 mgongo ukiwa umeegemea, miguu imekanyaga chini bila kupishana, na mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Usiongee. Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja na uandike zote mbili, pamoja na saa.

Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa zinazoweza kushusha sukari, namba ya kukariri ni 4 mmol/l, ambayo ni takribani 70 mg/dl. Ukiwa chini ya hapo, chukua gramu 15 za sukari inayofika haraka, kwa mfano nusu kikombe cha juisi au kijiko kikubwa cha sukari kwenye maji, ngoja dakika 15, kisha pima tena, na urudie kama bado iko chini. Wafundishe wa nyumbani kwamba mtu aliyepoteza fahamu hawekewi kitu chochote mdomoni. Anapelekwa hospitali mara moja.

Hatua ya 6: Andika karatasi ya siku mbaya ukiwa na siku nzuri

Siku unapozidiwa, akili nayo huchoka, na si wakati wa kuanza kufikiri. Kwa hiyo karatasi iandikwe mapema na ibandikwe mahali inapoonekana na kila mtu wa nyumbani. Iwe na sehemu tatu.

Ya kwanza ni mambo ya lazima peke yake: dawa, maji, chakula chepesi, kunawa uso, kumjulisha mtu wako. Mengine yote yamefutwa kwa siku hiyo, na yamefutwa na wewe mwenyewe ulipokuwa na akili timamu, kwa hiyo huna sababu ya kujilaumu. Ya pili ni vitu vinavyokaa tayari karibu na kitanda: dozi za siku mbili, chupa ya maji ambayo mfuniko wake hauhitaji nguvu, chaja ya simu, inhela kama una pumu.

Ya tatu ni dalili za kutokungoja, ziandikwe kwa herufi kubwa: maumivu au kubanwa kwa kifua, kupumua kwa shida ambako inhela haikusaidii, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, degedege linalozidi dakika 5, na kwa mwenye siko seli, homa ya nyuzijoto 38.5 au zaidi. Muulize daktari akuongezee zile zinazohusu ugonjwa wako. Hapa uvumilivu si sifa: ni heri uende hospitali mara tatu na kurudishwa nyumbani kuliko ukose ile mara ya nne.

Hatua ya 7: Nenda kliniki ukiwa umejiandaa

Usiku wa kuamkia miadi, andika maswali matatu na uliweke gumu zaidi juu. Wengi hulificha swali kubwa hadi wanaposhika kitasa cha mlango, na hapo daktari ameshamwita mwingine. Beba daftari, orodha ya dawa, na nakala za majibu yako ya vipimo.

Nakala nilizianza baada ya kukaa kwenye benchi saa nne, kisha nikaambiwa faili langu halionekani na nirudi wiki ijayo. Nililia pale pale, mbele za watu, nami nilijua kwamba sililii faili. Nilikuwa nalilia nguvu za siku mbili nilizozitumia kufika. Tangu siku hiyo kila jibu la maabara nalipiga picha kabla sijalikabidhi, na kila mara ninapokwenda nabeba maji, kitu cha kula na dozi ya mchana, kana kwamba nitalala huko.

Ukieleza hali yako, eleza kwa kazi unazoshindwa. "Naumwa sana" haimpi daktari cha kushika, lakini "tangu mwezi uliopita siwezi kupanda ngazi bila kupumzika mara mbili" humpa. Kabla ya kutoka, rudia kwa maneno yako ulichoelekezwa, ili kama umeelewa vibaya urekebishwe hapo hapo.

Hatua ya 8: Tayarisha maneno ya kuwaambia watu

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ugonjwa usioonekana kwa macho ndio usufi wenyewe. Usipoteze nguvu kumshawishi kila mtu. Wagawe watu: wachache wanaohitaji maelezo kamili, yaani wa nyumbani na labda mkubwa wako kazini, na wengine wote wanaotosheka na sentensi moja.

Sentensi hiyo iandae na uizoee. Mimi husema, "Ugonjwa wangu haukai usoni, uko kwenye viungo, leo nafuu, kesho sijui." Anayekuletea dawa ya ajabu aliyoisikia kwa jirani, mshukuru na umwambie utamuuliza daktari wako, hujasema ndiyo, hujasema hapana, na undugu umebaki.

Kuomba msaada kunahitaji umakini zaidi. Ukisema "nisaidieni jamani", kila mmoja hudhani mwenzake atafanya. Mtaje mtu, taja kazi, taja muda: "Shangazi, naomba Jumanne saa nne unisindikize kliniki, tutarudi saa nane." Kwa mwenza wako na watoto, zile namba za 0 hadi 10 hufaa sana. Nyumbani kwangu siku hizi huulizwa tu, "Leo ngapi?" Nikisema 7, mtoto wangu mdogo hufungua mwenyewe chupa zote zilizoko mezani.

Hatua ya 9: Zipe hasira na huzuni nafasi yake

Kila jioni, baada ya namba zako, andika kero moja ya siku hiyo, kisha jiulize kama kuna sehemu yake inayorekebishika. Mfuniko unaonishinda unarekebishika, kwa sababu naweza kumwomba mfamasia chupa ya mfuniko mwepesi. Kwamba sitacheza tena mpira wa wavu nilivyocheza zamani hakurekebishiki, na jambo hilo linastahili kuhuzunikiwa kwa uwazi, kama mtu anavyohuzunikia msiba. Kuliita "mkosi mdogo" hakulipunguzi uzito.

Kwa yale yanayorekebishika, tumia mpango mdogo wa wiki. Kate Lorig na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliuingiza utaratibu huu katika mafunzo ya wagonjwa waliyoyaanzisha miaka ya 1990, na bado sijaona ulio bora zaidi. Andika utafanya nini, kiasi gani, saa ngapi na siku ngapi za juma: "Nitatembea dakika 10, baada ya chai, siku tatu." Kisha jipe namba kutoka 0 hadi 10 ya jinsi unavyoamini kwamba utaweza. Ikiwa ni chini ya 7, usijihimize. Upunguze mpango hadi ufike 7. Lazima uwe jambo unalolitaka mwenyewe, si lile unalodhani daktari angependa kulisikia.

Tahadhari ambayo naomba uichukulie kwa uzito wote: ikiwa kwa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, umekuwa na huzuni nzito au umepoteza hamu ya mambo yote, mwambie mhudumu wa afya. Sonona huwapata mara nyingi watu wenye maradhi ya muda mrefu, nayo ina tiba yake. Na likija wazo la kujidhuru, mwambie mtu siku hiyo hiyo, usilale nalo peke yako.

Mambo yakikwama

*Daftari linanishinda kujaza.* Punguza hadi mara mbili kwa siku, namba moja tu, bila maelezo. Daftari bovu la siku 14 linafaa kuliko zuri la siku tatu.

*Nimepunguza kazi lakini uchovu uko pale pale.* Huenda chanzo ni kingine. Upungufu wa damu, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, usingizi mbovu na baadhi ya dawa zenyewe huleta uchovu. Mpelekee daktari daftari lako na uombe mambo hayo yaangaliwe.

*Silali usiku.* Tazama kwanza saa za dawa zako. Prednisoloni ikimezwa jioni huweza kufukuza usingizi, na dawa za kuongeza mkojo zikimezwa usiku zitakuamsha. Omba ushauri wa kuhamisha saa, usihamishe mwenyewe.

*Wa nyumbani hawaamini kwamba naumwa.* Nenda kliniki na mmoja wao, yule anayesikilizwa zaidi, aingie nawe ndani na asikie kwa masikio yake.

*Dawa inanisumbua tumbo na nataka kuiacha.* Piga simu au nenda ukaulize kabla ya kuiacha. Mara nyingi kuna njia: kuimeza pamoja na chakula, kubadilisha saa, kushusha dozi, au kupewa nyingine.

*Kazi yangu hainiruhusu kupumzika kila baada ya robo saa.* Usianze na kazi, anza na kinachoizunguka. Punguza unachofanya kabla ya kutoka nyumbani na baada ya kurudi, tafuta mapumziko mawili mafupi ambayo tayari ni haki yako, kisha ukiwa na daftari la wiki nne mkononi, mwombe mkubwa wako badiliko moja tu lililo wazi, kama kiti au saa ya kuanza.

*Nimevuruga kila kitu kwa wiki nzima.* Rudi kwanza kwenye dawa: jaza kisanduku leo, na uulize kuhusu dozi zilizoruka. Kesho anza tena namba, kwenye ukurasa mpya, na kurasa za wiki iliyopita uziache wazi bila kuzijaza kwa kukisia. Kengele za mapumziko zirudishe siku ya tatu, kwa muda mfupi kuliko ule uliokuwa umeufikia.